Tangi jipya la sola, maji bado baridi: anzia kwenye mabomba

Tangi la sola likibadilishwa kisha maji yakagoma kupata moto, wa kwanza kulaumiwa huwa tangi lenyewe, wa pili elementi, yaani chuma cha umeme kinachochemsha maji ndani yake. Mara nyingi wote hawana kosa. Tangi jipya la lita 150 ni pipa lililovikwa koti la fomu (povu gumu la kuhifadhi joto), basi. Kilichokatwa na kuungwa upya siku ile ni mabomba, vavu na nyaya, na humo ndimo pa kutafuta.

Kabla ya kusimamisha ngazi, fanya jaribio moja bafuni. Funga geti vavu ya maji baridi yanayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la moto. Mambo yakiwa sawa, maji yatachuruzika kidogo na kukatika. Yakiendelea kutoka kwa nguvu, basi hayatoki kwenye hita: yanavuka kutoka upande wa baridi kupitia mikisa, lile bomba linalochanganya moto na baridi. Hali hii imejaa kwenye nyumba ambazo maji baridi ya bafuni yanatoka moja kwa moja kwenye laini ya mtaa huku ya moto yakishuka kutoka simtanki. Presha ya mtaa inamshinda mwenzake, na mikisa iliyoachwa wazi huku shawa ya mkono imefungwa kwa kitufe inakuwa njia ya kupitia. Lisha pande zote mbili kutoka simtanki moja, au weka nonritani vavu (inayopitisha maji upande mmoja tu) kwenye kila bomba linaloingia mikisa. Kubadilisha elementi hapa ni kutupa hela.

Jaribio likipita salama, panda juu saa 6 mchana siku ya jua. Gusa kwa uangalifu, kwa kitambaa, bomba linalotoka juu ya paneli kwenda tangini. Kama kichwa cha paneli kinaunguza lakini bomba limepoa karibu na tangi, kuna hewa imenasa. Sola hizi hazina pampu. Maji ya moto ni mepesi, hupanda yenyewe. Ya baridi hushuka kutoka chini ya tangi na kuingia chini ya paneli. Nguvu inayoyasukuma ni ndogo mno, kiasi kwamba kipovu kimoja kwenye kona kinatosha kusimamisha mzunguko mzima.

Kipovu hicho kinatoka wapi? Matundu ya tangi jipya yanakaa mahali tofauti na ya zamani, kwa hiyo fundi anaongeza elibo (viungo vya kona) mbili ili bomba lifike. Bomba linapanda, linainama, linapanda tena, na pale kwenye nundu hewa inatulia. Kutoa hewa mara moja kunasaidia siku mbili tatu, halafu inarudi. Dawa ni kukata na kulipitisha upya bomba lipande mfululizo bila kushuka hata sentimita. Nundu ikishindikana kuepukwa, weka vavu ya kutolea hewa juu yake kabisa. Bomba hili la kutoka paneli hadi tangini liwe la shaba. PPR, yaani bomba la plastiki linaloungwa kwa kuchomwa, ni nzuri ndani ya nyumba, lakini paneli isiyotumika mchana kutwa inaweza kupita nyuzi 95, na hapo PPR inalegea.

Maji yakiwa ya moto jioni na yamepoa kabisa alfajiri, pima kimo. Kitako cha tangi kinatakiwa kiwe walau sentimita 30 juu ya kichwa cha paneli. Tangi likikaa chini, usiku mzunguko unageuka na paneli inaumwaga ule moto angani. Shika paneli saa 3 usiku. Ikiwa ya vuguvugu, umeshapata jibu.

Moto upo ila unatoka kama mate? Hapo tunazungumzia presha. Mita 1 ya kimo hutoa bar 0.1 tu, na simtanki lazima kitako chake kiwe juu kuliko mgongo wa tangi la sola. Tangi jipya nene kuliko la zamani linaweza kuvunja sharti hilo bila mtu kugundua. PPR ya milimita 20, ile nene ya maji ya moto, ina tundu la milimita 13 hivi. Kwa maji ya mteremko tumia ya 25. Kagua pia viungo: bomba likichomwa kupita kiasi, plastiki hukunjamana ndani na kuziba nusu ya njia. Kwa nje kiungo kinaonekana kizuri kabisa.

Upande wa umeme, kosa kubwa ni kuwasha swichi kabla tangi halijajaa. Elementi iliyowaka kavu hufa ndani ya dakika chache. Acha bomba la moto wazi wakati wa kujaza mpaka maji yaache kukohoa, ndipo uwashe. Kuipima, zima breka, chomoa nyaya zake, weka multimita: elementi ya wati 1,500 isome karibu ohm 35, ya wati 2,000 karibu 26, ya wati 3,000 karibu 18. Isiposoma kitu, imekatika. Ikisoma kati ya ncha yake na mwili wa tangi, inavuja umeme. Usioge kabla haijatolewa. Nyaya zikiwa sawa, bonyeza kitufe chekundu cha thamostati, maana huruka kikipata moto mkali. Thamostati ikae nyuzi 60.

Subira nayo ni kipimo. Lita 150 kutoka nyuzi 20 hadi 60 zinakula uniti 7 za Luku (mita ya umeme wa kulipia kabla). Kwa wati 2,000 ni saa tatu na nusu. Anayewasha nusu saa na kulalamika hana hitilafu.

Mwezi Juni na Julai Arusha inafunikwa na mawingu hadi mchana, na jua lenyewe liko kaskazini. Paneli iliyogeuzwa kusini kwa sababu tangi jipya lilikaa vizuri upande huo itateseka miezi hiyo.

Wenye sola ya mirija ya kioo badala ya paneli bapa: msijaze maji mchana. Mirija mikavu iliyokaa juani hupasuka ikiguswa na maji baridi. Funika kwa turubai, jaza alfajiri.

Vavu ya usalama ikidondosha maji mchana, usiizibe. Maji hayo ya lita 150 yakifika nyuzi 70 yanavimba kwa lita 3 hivi, na yakikuta nonritani vavu nyuma yake hayana pengine pa kwenda. Ipitishie bomba hadi nje ya paa. Ikidondosha usiku kucha hali maji yamepoa, hapo badilisha vavu.