Wimbo ukitamba, jina litadumu? Kwa chipukizi wa muziki wa Tabora

Karibu kila chipukizi anayeniletea wimbo ili niupige kwenye harusi ana hesabu ileile kichwani: watazamaji laki moja, halafu milioni moja, halafu jina limeshakaa. Mimi ni DJ wa sherehe hapa Tabora. Kazi yangu ni kuangalia wimbo upi unawanyanyua watu vitini na upi unawarudisha mezani kwenye soda zao, tena nauangalia hata miaka mingi baada ya wimbo kutoka. Ninachokiona ni hiki, wadogo zangu: mauzo yanaufikisha wimbo kwa watu, basi. Ukishafika, utabaki endapo watu watapata pa kuutumia katika maisha yao. Na jina lako litabaki endapo kuna mtu analitunza pamoja na wimbo. Hayo mawili yanafanyiwa kazi, na kazi hiyo haifanywi na idadi ya watazamaji.

Kwenye kompyuta yangu nina folda mbili kubwa. Moja ni ya nyimbo zinazotamba sasa, na hiyo naisafisha kila mara. Nyingine ni ya nyimbo ambazo siwezi kwenda ukumbini bila kuwa nazo. Nyimbo zinazotoka folda ya kwanza kwenda ya pili ni chache mno, na nyingi kati ya zinazokwama zilikuwa zinaongoza kila redio siku zake. Nina kipimo kimoja ninachokiamini: wimbo ukifika kwenye kiitikio, nashusha sauti ghafla. Ukumbi ukimalizia wenyewe, wimbo huo uko hai. Ukumbi ukinyamaza na kunitazama, walikuwa wanacheza mdundo tu, na mdundo mpya ukija watauhama. "Cinderella" ya Ali Kiba, ambayo ilitoka 2007, bado inamaliziwa, tena na wasichana ambao walikuwa hawajaanza shule ilipotoka. Wamejifunzia wapi? Kwa dada zao, kwenye daladala, kwenye harusi kama hizi. Chati haikuhusika tena.

Kipimo hicho unaweza kukifanya kabla hujalipa studio. Waimbie watu watatu wimbo wako bila mdundo, mara mbili tu, kesho yake waombe wakuimbie. Watakachokukumbusha ndicho ulichonacho.

Sasa tuangalie mji wetu, maana Tabora ina somo kubwa kuliko tunavyojua. Hapa palikuwa na bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kwa mji wa ukubwa huu ni utajiri. "Tanganyika na Uhuru" ya Kiko Kids, iliyoimbwa na Salum Zahoro, hupigwa redioni kila tunapokaribia sikukuu ya Uhuru. "Dada Asha" ya Tabora Jazz nikiipiga kwenye sherehe yenye wazee wa Isevya na Ng'ambo, wananyanyuka kwenye gitaa, kabla hata sauti ya mwimbaji haijaingia. Na "Rangi ya Chungwa" ya Nyanyembe Jazz inajulikana nchi nzima. Lakini waulize vijana waliojaa ukumbini ni wimbo wa nani. Nasikia wakitaja bendi za Dar es Salaam, wengine wanasema ni wa Kenya. Wimbo umeshinda, bendi imesahaulika katika mji wake wenyewe. Hilo linaniuma kila mara, na ndiyo sababu huwa nachukua maikrofoni na kulitaja jina la bendi kabla ya kuupiga.

Mlione vizuri hilo, kwa sababu umaarufu wa wimbo na umaarufu wa jina ni njia mbili. Mwaka 1996 "Macarena" ya Los del Río ilikaa namba moja kwenye chati ya Billboard ya Marekani kwa wiki 14. Hadi leo watu wanajua ile mikono inawekwa wapi kwanza na wapi baadaye. Wale wazee wawili wa Hispania waliouimba ni wangapi wanaowajua? Mfano mwingine unatuhusu zaidi. Mwaka 1990 "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice ilikuwa wimbo wa kwanza wa rapu kushika namba moja kwenye chati hiyo ya Billboard Hot 100, na albamu yake ikakaa kileleni wiki 16. Baada ya miaka michache tu hakuwa tena mtu wa kuongoza chati. Lakini mwaka 1991 hapa Tanzania kijana Saleh Jabir alichukua mdundo huohuo akauwekea maneno ya Kiswahili, na watu wanaosimulia historia ya Bongo Fleva mpaka leo lazima wapite kwake. Mauzo makubwa yalikuwa ya Mmarekani. Kilichozaa kizazi ni kijana aliyekipa kitu kile matumizi kwa watu wake, kwa lugha yao.

Sisemi mauzo ni kitu cha kudharau. Anayewaambia "fanya sanaa, pesa zitakuja" hajalipa kodi ya chumba kwa muziki. Na bila mauzo wengi hatungewajua. Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Zanzibar, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na kampuni zikamgombania kwa sababu santuri zake ziliuzika Afrika Mashariki yote. Hayo ni mafanikio ya biashara hasa. Ila tazameni mambo mengine yaliyokuwa yanamzunguka. Aliimba mambo ya mitaani na ya mahakamani ambayo watu walikuwa wanayazungumza kwa hasira na huzuni, hivyo nyimbo zikawa na kazi. Wanawake waliomfuata waliziimba, na Bi Kidude alizibeba mpaka karne hii, akafariki 2013. Na Shaaban Robert akakaa chini akaandika wasifu wake. Siti alifariki 1950. Hebu toeni hao waimbaji na huyo mwandishi, mbaki na santuri peke yake, muone kama mngekuwa mnalijua jina hilo leo.

Kwa upande wa watu wa magharibi yetu, Diamond Platnumz, ambaye asili ya familia yake ni Kigoma, mwaka 2020 alitangazwa kuwa msanii wa kwanza wa Afrika kusini mwa Sahara kufikisha watazamaji bilioni moja kwa jumla YouTube. Vijana wanapenda kunitajia namba hiyo. Mimi nawaelekeza kwenye kitu kingine alichokifanya: alianzisha lebo, akaingia kwenye redio na televisheni, akawatoa wasanii wengine. Namba zitapitwa, tayari nyingine zinapitwa. Wasanii waliopita mikononi mwake wataendelea kulitaja jina lake kila wanaposimulia walikoanzia. Naamini hapo ndipo panapojengwa kudumu kwake, zaidi ya kwenye bilioni ile.

Kuhusu kiki, yaani vituko vya kutafuta kusemwa, sitasema mengi. Kugombana mtandaoni, kuzusha mapenzi, kuvuja picha kwa makusudi wiki moja kabla ya wimbo: yote hayo yanaleta macho, na macho yanakwenda kwa mtu na ugomvi wake. Sijawahi kuombwa wimbo kwenye harusi kwa sababu ya kiki ya mwaka juzi. Hata siku moja.

Ninachotaka mkifanye kwa bidii ni utunzaji, maana hapa ndipo chipukizi wa kwetu wanapotea wakiwa bado hai. Wimbo unakuja kwangu kwa WhatsApp, umeshabanwa sauti imekuwa nyembamba, faili limeandikwa "final mpya 2". Hakuna jina la mwimbaji, wala la prodyuza, wala mwaka. Nikiuhifadhi, baada ya miezi sita hata mimi sijui ni wa nani. Nikikutafuta unaniambia simu iliibiwa na studio ile ilishafungwa. Basi, siku unapomaliza kurekodi, kabla hujaondoka studio, dai faili kamili la WAV, yaani lile ambalo sauti yake haijabanwa, pamoja na vipande vyake: sauti peke yake, ngoma peke yake, gitaa na kinanda peke yake. Lipa kidogo zaidi ukilazimika. Weka nakala kwenye flashi au diski inayokaa nyumbani na nyingine mtandaoni. Kwenye jina la faili andika jina lako, jina la wimbo, mwaka. Andika pia mtunzi wa maneno, mpiga gitaa, prodyuza. Bendi zetu za zamani zilikuwa na bahati moja: zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kanda zikahifadhiwa, na mtangazaji alitaja jina la bendi kila alipopiga wimbo. Leo wimbo unapita kwenye simu bila mtangazaji. Usipojitaja, hakuna atakayekutaja.

Halafu jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kama msanii, na kazi zako uzisajili COSOTA, wanaosimamia hakimiliki. Najua mnaona ni mambo ya makaratasi. Kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi inaendelea maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Maana yake wimbo unaoutunga leo ukiwa na miaka 20 unaweza kuwalipa wajukuu zako, kama karatasi zinaonyesha ni wako. Na mkataba wowote wa usambazaji usomwe na mtu anayejua, uangalie sana nani anabaki na rekodi mama, ile ya kwanza inayotolewa nakala zote, na kwa miaka mingapi. Sixto Rodriguez wa Detroit alitoa albamu mbili, 1970 na 1971, Marekani hazikununuliwa akarudi kwenye kazi za ujenzi. Huko Afrika Kusini zikauzika sana, kizazi kizima kikazikariri, naye hakujua kitu mpaka miaka ya tisini mwishoni. Alikwenda kuimba huko 1998 akakuta kumbi zimejaa. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama ndoto nzuri. Mimi nikiisikia nawaza ile miaka yote aliyokuwa anabeba zege huku santuri zake zinauzwa.

Na wimbo wako ukishika kweli, miezi ya mwanzo ndiyo ya kufanya kazi kuliko yote. Usikae mjini ukihesabu watazamaji. Pesa za tumbaku zikitoka nenda Urambo, nenda Kaliua, pita Sikonge na Nzega. Tafuta mpiga gitaa mmoja na mpiga ngoma mmoja, uimbe mwenyewe kwa sauti yako, usiimbe juu ya rekodi. Kuna wazee hapa mjini waliopiga gitaa kwenye bendi, wafuate wakuonyeshe vidole vinavyokwenda kwenye zile nyimbo, na ukipanda jukwaani taja waliokufundisha. Kila kijiji, chunguza ni mstari upi wanaouimba pamoja na wewe na ni upi wanaokuachia peke yako. Uandike kwenye daftari usiku uleule, kabla ya kulala, maana wimbo wako wa pili utautunga kutoka kwenye daftari hilo.