Kalsiamu unaweka, alkalini inashuka: pima magnesiamu kwanza

Pole sana, ndugu yangu wa Njiro. Umesema kila ukimimina dawa ya kalsiamu kwenye tangi lako la matumbawe, la maji ya chumvi, maji yanageuka meupe kama tui, na kesho yake alkalini, yaani kabonati iliyomo majini, imeshuka kutoka digrii 8 hadi 6 za kipimo cha dKH. Leo usiongeze kitu. Ule weupe ndio hasara yenyewe: kalsiamu na alkalini zimeshikana zikawa chokaa, kama ile inayoganda ndani ya birika la chai. Matumbawe hayaambulii chochote hapo.

Pima magnesiamu. Ikiwa chini ya miligramu 1250 kwa lita, chokaa hujitunga upesi, na utamwaga dawa hadi uchoke. Ipandishe taratibu kwa siku kadhaa, ndipo urudi kwenye kalsiamu, miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na alkalini, digrii 8 hadi 9. Alkalini isipande zaidi ya digrii 1 kwa siku. Matumbawe huumizwa na mruko kuliko upungufu mdogo. Dawa moja kati ya hizo mbili mimina asubuhi, kidogo kidogo, penye mkondo wa pampu. Nyingine jioni.

Maji ya kufidia yaliyokauka yasiwe ya bomba. Ya kwetu Arusha yana floraidi nyingi. Tumia yaliyochujwa kwa osmosisi, bila chumvi, maana chumvi haikauki na maji.

Tena, chomoa hita na pampu uzitazame kama zimeganda chokaa. Pampu yangu iliwahi kukwama kabisa kwa ganda jeupe. Niliiloweka kwenye siki usiku kucha, asubuhi ikazunguka.