Mkimbiaji Akiingia Baharini: Niliyojifunza Mikindani

Kwa miaka kadhaa njia yangu ya mazoezi ilikuwa barabara ya kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani, kilomita zipatazo 10 kwenda, na bahari niliichukulia kama pambo la pembeni ambalo kazi yake ni kuniletea upepo. Nilianza kuitazama kwa jicho jingine siku goti langu la kulia lilipovimba na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akaniagiza nikae mbali na lami kwa miezi mitatu. Wenzangu wa masafa marefu wanajua kwamba mtu wa aina yetu akilazimishwa kupumzika huwa mzigo kwa nyumba nzima, na nadhani mke wangu ndiye aliyefurahi zaidi niliposema kwamba nakwenda kujaribu kuogelea.

Kuogelea kwa kujifurahisha nilikujua tangu utotoni, kama mtoto yeyote wa pwani. Nisichokijua ni kuogelea mfululizo. Mimi niliyekuwa nikimaliza nusu marathoni bila kusimama nilipiga mikono kama mita 40 tu, nikasimama kwenye maji ya kifuani huku moyo ukinienda mbio na watoto wawili wakinitazama kwa huruma. Nilidhani pumzi imekwisha, kumbe tatizo lilikuwa kinyume chake: nilikuwa naibana. Mkimbiaji hupumua bila kufikiri, lakini uso ukiwa majini ni lazima utoe pumzi taratibu, mapovu yakitoka puani na mdomoni muda wote, ili ukigeuza kichwa uwe na kazi moja tu ya kuvuta. Ukiibana, hewa chafu hujaa kifuani na mwili hukupigia kelele kwamba unakufa, ilhali hewa safi bado unayo. Nilikaa wiki mbili nzima nikijifunza jambo hilo moja, nikiwa nimeshika ukingo wa mtumbwi uliofungwa, na ningemshauri kila mkimbiaji afanye hivyo kabla ya kuwaza masafa.

Kikwazo cha pili ni miguu. Tuliovizoesha vifundo vyetu lami tuna nyayo ngumu zisizonyooka nyuma, na tukipiga maji kwa nguvu tunapata uchovu mwingi na mwendo mdogo. Maji ya chumvi hukubeba zaidi kidogo kuliko ya bwawa kwa kuwa ni mazito zaidi, basi yaache yakubebe, na miguu ifuate mwili bila papara.

Mvuto wenyewe niliuelewa baadaye. Katika Olimpiki mbio za kuogelea bahari wazi, ambazo zilianza Beijing mwaka 2008, ni za kilomita 10 na huchukua kama saa mbili, yaani muda ule ule ambao mabingwa wa marathoni hutumia barabarani. Ndiyo maana wanamichezo wengi hukisia kwamba kilomita 1 ya kuogelea ni sawa na 4 za kukimbia. Hesabu hiyo ni nzuri kwa kupanga mazoezi, lakini baharini haikai sana. Barabara ya Mikindani ina urefu ule ule jana na leo, na saa yangu ya mkononi ilikuwa imenifanya mtumwa wa dakika kwa kila kilomita. Kwenye ghuba, umbali nilioumaliza Jumanne kwa dakika 25 ulinichukua 40 siku ya Ijumaa bila mimi kuwa nimedhoofika hata kidogo. Kwa mtu aliyezoea kujipima kila hatua, hali hiyo mwanzoni inakera, kisha inapumzisha akili kwa namna ambayo sikuipata kamwe barabarani.

Hata hivyo, nilikaribia kulipa kwa kutoelewa sababu yake. Asubuhi moja, siku mbili baada ya mwezi mpevu, niliogelea kuelekea mlango wa ghuba na nikafika nilipokusudia kwa dakika 18, nikajipongeza kwamba mazoezi yameanza kulipa. Nilipogeuka kurudi niliona mnazi mmoja ulioinama ufukweni, nikaufanya kituo changu cha kwanza. Nilipiga mikono kwa bidii, nikainua macho, mnazi uko pale pale. Nikaongeza kasi, kama tunavyofanya kwenye kilima cha mwisho, kwa sababu mwanamichezo wa masafa marefu amefundishwa kwamba dawa ya ugumu ni kuendelea. Baada ya dakika 40 mabega yalikuwa yanawaka na mnazi ulikuwa bado unanitazama.

Mzee mmoja aliyekuwa akiinua madema yake, yaani mitego ya samaki, alinisogelea na mtumbwi. Nilimwamkia huku nikihema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Unakwenda wapi?"

"Nafanya mazoezi, babu."

"Mazoezi ya kusimama? Nimeinua dema la tatu sasa na wewe hujauacha mnazi ule. Maji yanakupwa. Sogea pwani, kule ukingoni hayana mbio."

Nilisogea kuelekea kwenye kina kifupi, na kweli, baada ya dakika chache mnazi ulianza kurudi nyuma yangu. Yule mzee alikuja na mtumbwi wake polepole hadi aliponiona nimesimama kwa miguu, kisha akarudi kwenye madema yake bila neno jingine.

Tangu siku hiyo siingii majini bila kujua maji yako katika hali gani, na huo ndio ushauri wangu mkubwa kwa yeyote anayetoka kwenye mbio au baiskeli. Maji hujaa kwa takribani saa sita na kupwa kwa saa sita, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba ya "kila siku saa kumi na mbili asubuhi" ni ratiba ya barabarani. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, ambapo bahari yetu ya kusini hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu huwa ni maji mafu, na hapo mgeni aanze. Mbio kubwa huwa katikati, saa ya tatu na ya nne tangu maji yaanze kujaa au kupwa, ambapo karibu nusu ya maji yote hupita. Anza safari ukiwa unapambana na mkondo ili urudi ukiwa nao, wakati mabega yamechoka. Hata Matthew Webb, wa kwanza kuogelea kutoka Uingereza hadi Ufaransa, mwezi Agosti 1875, alizungushwa na mkondo kwa saa tano hivi huku pwani ya Ufaransa akiiona kwa macho, na safari yote ikamchukua karibu saa 22.

Njia ya kugundua kwamba unasukumwa niliipata pia kwa wavuvi: chagua alama mbili zilizo nyuma na mbele, kwa mfano mnazi wa ufukweni na mnara wa msikiti ulio nyuma yake. Zikiwa zimepangana uko kwenye mstari, zikiachana, unachukuliwa. Kila baada ya mikono minane hivi inua macho tu juu ya maji kama mamba, si kichwa kizima, maana kichwa kikipanda miguu huzama.

Baridi si adui wetu huku, joto ndilo. Fran Crippen, muogeleaji wa Marekani, alifariki katika mashindano ya kilomita 10 huko Fujairah mwezi Oktoba 2010, siku ya joto kali, na leo kanuni za kimataifa haziruhusu mashindano maji yakizidi nyuzi joto 31. Kunywa maji kabla ya kuingia, kwani mwili hutoka jasho hata ukiwa umelowa. Jipake mafuta ya nazi shingoni na kwapani, la sivyo chumvi itakuchubua. Mimi hufunga kiunoni dumu tupu la manjano la lita 5 kwa kamba ya urefu wa mita moja na nusu. Watu hucheka, lakini nahodha wa boti huliona. Karibu na bandari na njia ya kivuko cha Msanga Mkuu usiogelee kabisa. Kusi ikivuma kwa nguvu, rudi nyumbani ukakimbie, usubiri matlai ya Oktoba na Novemba bahari inapotulia. Na usiende peke yako.

Goti lilipona, na sasa nakimbia siku tatu na kuogelea mbili. Nguo na ndala humwachia mtu, kwa sababu mara ya kwanza nilipochagua kuingia maji yakiwa yanajaa, kama nilivyofundishwa, niliziacha juu ya mchanga mkavu hatua chache tu kutoka majini, nikarudi mjini pekupeku.