Maswali ya Wasomaji: Je, Bomba la Hewa Baridi Huongeza Nguvu za Gari?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina gari la petroli lenye injini ya lita 2 isiyo na turbo (pampu inayoisukumia injini hewa), ambayo kitabu chake kinasema ina nguvu farasi 150. Rafiki yangu ameondoa kasha la chujio la hewa lililokuja na gari lake, akafunga bomba la alumini lenye chujio la umbo la koni, na anaapa kwamba gari limekuwa jepesi na hata ulaji wa mafuta umepungua. Muuzaji wa vifaa hivyo ananiahidi ongezeko la farasi 15. Fundi wangu anacheka tu na kusema kwamba nitakuwa nimenunua kelele. Naomba mnieleze nani kati yao anasema kweli, kabla sijatoa fedha zangu.

JIBU: Fundi wako yuko karibu na ukweli kuliko muuzaji, ingawa kwa kucheka bila kueleza amekunyima nusu ya habari, kwa kuwa wazo la kuipa injini hewa baridi si la uongo hata kidogo. Uongo unaanzia kwenye hesabu.

Injini haijali imevuta lita ngapi za hewa. Inachojali ni uzito wa hewa hiyo, kwa sababu kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Hewa ikipata joto hutanuka na kuwa nyepesi, kiasi kwamba lita moja ya hewa yenye nyuzi 55 za Selsiasi ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 ikilinganishwa na lita ile ile kwenye nyuzi 25. Hata hivyo nguvu ya injini haishuki kwa asilimia 9 hizo zote, maana hewa baridi nayo hupashwa moto na kuta za njia za silinda na vali kabla haijafika inakokwenda, na kadiri ilivyo baridi ndivyo inavyopokea joto zaidi njiani. Kanuni ya kimataifa inayotumika kusahihisha vipimo vya nguvu za injini, yaani ISO 1585, inalizingatia jambo hilo, na kwa injini ya petroli isiyo na turbo inatupa kipimo rahisi kukumbuka: tofauti ya nyuzi 10 katika hewa inayoingia ni sawa na takriban asilimia 2 ya nguvu. Kwa injini yako hizo ni farasi 3.

Sasa irudie ahadi ya muuzaji kwa kipimo hicho. Ili upate farasi 15 kwa ubaridi peke yake, gari lako lingepaswa kuwa limekuwa likivuta hewa ya nyuzi 75 hivi huku hewa ya nje ikiwa na nyuzi 25. Gari lililoundwa hivyo lingemwaibisha mhandisi wake. Fungua boneti, ushike kasha la chujio, kisha ufuate kwa mkono mdomo wake unakoelekea. Kwa magari mengi utaukuta umechomoza nyuma ya grili, au umepenya ndani ya madigadi, au umepita juu ya redieta kuelekea mbele, mahali ambapo hewa inayoingia gari likiwa kwenye mwendo huizidi ile ya nje kwa nyuzi chache tu. Kwa maneno mengine, unataka kununua kitu ambacho tayari unacho, na ambacho watu wa kiwandani walikitengenezea kasha lililofungwa vizuri ili kisivute joto la injini.

Kinachonishangaza, na hapa naomba mniwie radhi nikisema kwa ukali kidogo, ni kwamba vingi kati ya vifaa vinavyouzwa kwa jina la hewa baridi huacha koni ikiwa wazi ndani ya chumba cha injini, karibu kabisa na bomba la moshi. Kwenye foleni, hewa ya chini ya boneti huweza kupita nyuzi 60. Kifaa cha namna hiyo ni cha hewa moto, na kompyuta ya injini, ikiona joto hilo kwenye sensa yake, yaani kifaa cha kupimia, mara nyingi huchelewesha cheche za plagi ili kuzuia injini kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda, na hivyo nguvu hupungua kwa sababu mbili. Ama kuhusu hofu ya bomba la alumini kupasha hewa, hiyo imetiwa chumvi: injini ya lita 2 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika hupitisha karibu lita 100 za hewa kwa sekunde, na bomba lenye ujazo wa lita 5 huvukwa kwa sehemu ya ishirini ya sekunde. Muda huo hautoshi kuipasha hewa kwa kiasi cha kuhesabika. Mahali hewa inapochukuliwa ndipo penye uzito, si kitu kilichotumika kulitengeneza bomba.

Dai la pili la wauzaji ni kwamba kasha la kiwandani huibana injini pumzi. Hapa pia kuna chembe ya ukweli. Pale unapokanyaga kanyagio hadi mwisho na injini iko kwenye mizunguko ya juu, kasha, chujio na mabomba kwa pamoja huweza kupoteza shinikizo la kilopaskali 2 au zaidi kati ya kilopaskali 100 hivi za angahewa. Ukiweza kuupunguza upotevu huo kwa nusu, unapata takriban asilimia 1 ya hewa, na nguvu ya kiasi hicho hicho. Nasisitiza maneno "hadi mwisho", kwa sababu katika uendeshaji wa kila siku, kwa mfano mizunguko 2,000 na mguu umegusa kanyagio kidogo tu, kinachoibana injini ni kile kilango cha hewa ambacho wewe mwenyewe unakifungua na kukifunga kwa mguu. Shinikizo nyuma ya kilango hicho huweza kuwa nusu ya lile la angahewa. Kuliondoa zuio dogo lililo mbele ya zuio kubwa hakubadilishi kitu, isipokuwa kwamba utakanyaga pungufu kwa upana wa unywele ili upate mwendo ule ule.

Hiyo ndiyo sababu dai la rafiki yako kuhusu mafuta haliwezi kusimama. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge nchini Marekani iliyapima magari ya kisasa yaliyozibwa vichujio vyao kwa makusudi, na ikakuta kwamba chujio lililoziba halikuathiri ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana, kwa kuwa kompyuta hupima hewa na kutoa mafuta yanayolingana nayo, ila gari lilichukua muda mrefu zaidi, kati ya asilimia 6 na 11, kuongeza kasi. Ikiwa chujio lililoziba halikuongeza ulaji, itakuwaje lililo wazi zaidi ya safi lipunguze? Zamani za kabureta habari ilikuwa tofauti, na nadhani ushauri mwingi unaotembea vijiweni bado unatoka huko.

Rafiki yako hadanganyi anaposema kwamba anaona tofauti. Kasha la kiwandani lina vyumba vya pembeni vilivyowekwa kuumeza mngurumo wa hewa, na vikiondolewa, kila anapokanyaga mafuta injini humjibu kwa sauti nzito ambayo sikio huitafsiri kuwa mwendo. Ongeza kwamba huenda alitoa chujio lililojaa vumbi la miaka miwili akaweka jipya, na kwamba mtu aliyekwisha kutoa fedha zake hukanyaga kwa nguvu zaidi ili aone faida yake. Chujio jipya la karatasi la kawaida lingempa sehemu kubwa ya alichokipata, bila sauti.

Muuzaji atakuonyesha karatasi ya dinamomita, yaani mashine inayopima nguvu kwenye magurudumu. Iangalie kwa makini. Vipimo viwili vya gari lile lile, vilivyofuatana bila kubadilisha kitu chochote, hutofautiana kwa asilimia 1 au 2 kwa sababu tu ya joto la injini, la mafuta na la matairi. Zaidi ya hayo, kipimo hufanywa mara nyingi boneti ikiwa wazi na feni kubwa ikipuliza mbele ya gari, hali ambayo koni iliyo wazi haitaikuta tena barabarani. Uliza kama boneti ilifungwa, uliza vipimo vilirudiwa mara ngapi kwa kila upande, na uliza kama gari lilirudishiwa kasha lake la zamani na kupimwa tena mwishoni. Mimi binafsi sijawahi kuonyeshwa karatasi iliyotimiza masharti yote matatu na ikabaki na farasi 15 kwa injini kama yako. Farasi 2 au 3 kwenye mizunguko ya juu ndicho kiasi ninachoweza kukiamini pale kifaa kilipotengenezwa kwa uangalifu na kimefungwa kizuizi cha joto.

Njia nzuri ni kulipima gari lako mwenyewe kabla ya kununua. Kisomaji kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la uchunguzi la gari kitakuonyesha joto la hewa inayoingia. Endesha kwa mwendo wa wastani kwa nusu saa, kisha ulinganishe na joto la nje. Ukikuta tofauti ni chini ya nyuzi 10, hakuna bomba litakalokupa zaidi ya farasi 3 kwa upande wa ubaridi, kwa sababu hewa haiwezi kuwa baridi kuliko ile iliyoko nje. Ukikuta nyuzi 25 au 30, kagua kwanza kama mdomo wa kasha umechomoka au umevunjika tangu gari lilipogongwa au kufunguliwa, kwa kuwa hilo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, na dawa yake ni kulirudisha bomba mahali pake.

SWALI: Je, jibu ni hilo hilo kwa gari lenye turbo, na kwa dizeli?

JIBU: Kwa petroli yenye turbo faida huwa kubwa zaidi, kwa kuwa turbo huzidisha kila kinachoifikia: ikiwa inabana hewa mara mbili, kilopaskali 2 zilizopotea kabla yake huwa 4 baada yake. Hata hivyo kompyuta hulenga shinikizo fulani na kuizungusha turbo kwa kasi zaidi hadi ilifikie, kwa hiyo katika gari ambalo programu yake haijaguswa utakachokiona zaidi ni turbo kuamka mapema. Kuhusu joto, hewa inayotoka kwenye turbo huweza kupita nyuzi 100 hata kama imeingia ikiwa baridi, na kipoza hewa kilicho mbele ya redieta ndicho kinachoamua itafika kwenye silinda na nyuzi ngapi. Mwenye fedha za kifaa kimoja anunue hicho. Dizeli huvuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji, na nguvu yake huamuliwa na kiasi cha mafuta kinachopulizwa. Hewa ya ziada bila mafuta ya ziada itakupunguzia moshi kidogo, basi.

SWALI: Nilifunga bomba pana lenye chujio la pamba linalopakwa mafuta, na baada ya wiki mbili taa ya injini ikawaka. Fundi amesoma kwamba mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya injini una petroli kidogo mno. Tatizo ni nini?

JIBU: Yako mawili yanayowezekana, na huenda yote yapo. Sensa inayopima hewa ni waya mwembamba unaopashwa moto na kupozwa na hewa inayoupita, na kompyuta imefundishwa kutafsiri upoaji huo kwa bomba lenye kipenyo maalumu. Ukiihamishia sensa kwenye bomba pana zaidi, hewa hupita polepole, kompyuta hudhani ni kidogo, na hutoa mafuta pungufu. Sababu ya pili ni mafuta ya chujio yaliyopakwa kupita kiasi, ambayo huruka na kuufunika waya, nao ukatoa kipimo cha chini vile vile. Isafishe sensa kwa dawa yake maalumu bila kuugusa waya, acha chujio likauke vizuri, na kama taa itarudi, pima kipenyo cha bomba mahali sensa inapokaa na ulilinganishe na la kiwandani.

Hapa pana siri ambayo karatasi za dinamomita hazisemi. Viwanda vingi huipa injini mafuta ya ziada kwenye mzigo mkubwa ili kuipoza, na mchanganyiko ukipungua mafuta kidogo kutoka hapo, nguvu huongezeka. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko linalosifiwa huweza kutokana na sensa iliyodanganywa, si hewa baridi, na anayelipia ni vali za moshi na katalista (kifaa cha kusafisha moshi), au pistoni yenyewe injini ikianza kugonga.

Kwa kuwa gari lako tayari limefungwa bomba hilo, kagua mambo mengine mawili. Kama koni imeshushwa nyuma ya bampa, usipite kwenye maji yanayofika usawa wake, kwa sababu maji hayabaniki ndani ya silinda na hupinda fimbo ya pistoni kwa mzunguko mmoja. Na kama unapita barabara za vumbi, pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa baada ya chujio. Kikitoka na mchanga mwembamba, rudisha kasha la zamani leo hii, kwa maana mchanga huo unazisaga kuta za silinda.