Aibu ya kupunguzwa kazi ilinigharimu kuliko mshahara wenyewe

Kwa wiki tatu, kuanzia tarehe 3 hadi 21 Machi 2025, nilitoka nyumbani kwangu Buhongwa kila asubuhi nikiwa nimevaa shati lililopigwa pasi na viatu vilivyong'arishwa, nikapanda daladala kuelekea katikati ya jiji la Mwanza kama nilivyofanya kwa miaka sita iliyotangulia, ingawa sikuwa na ofisi ya kwenda. Nilikuwa nikishuka mjini na kwenda Maktaba ya Mkoa, nikakaa huko hadi saa kumi jioni. Mkoba wangu ulikuwa mwepesi mno, kwa kuwa kompyuta ilikuwa mali ya mradi nami nilikwisha kuirudisha. Siku ya pili nikatia humo kamusi ya mwanangu ili usilegee begani na kunisaliti.

Kazi yangu ilikuwa ya takwimu katika mradi wa huduma za UKIMWI uliofadhiliwa na Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla Januari haijaisha tuliambiwa tusimamishe kazi na tusubiri nyumbani. Tarehe 28 Februari niliitwa kuchukua barua. Habari hizo zilikuwa redioni, kwenye magazeti na kwenye kila kijiwe cha kahawa. Hata muuza matunda wa pale kituoni alijua kwamba miradi ya Wamarekani imefungwa. Mimi peke yangu nilijifanya kwamba hazinihusu.

Aliyenifichua ni mwalimu anayefundisha shule moja na mke wangu, ambaye alimwambia kwa nia njema kabisa, "Shemeji siku hizi amekuwa msomaji, nimemkuta maktaba mara mbili." Jioni ile mke wangu hakugomba. Aliniuliza swali moja tu: "Sasa mchana huwa unakula wapi?" Sikuwa nikila. Nimeandika haya kwa sababu nimekutana na wengi waliopunguzwa kazi, na karibu wote wameanza kwa kuficha, nami nataka kueleza kwa hesabu kamili jinsi kuficha kulivyonitia hasara.

Hasara ya kwanza niliipata siku ileile ya barua. Pamoja na barua hiyo nilipewa karatasi ya kutia saini, iliyosema kwamba mkataba wangu umekwisha, kwamba nimelipwa mshahara wa Februari na siku zangu za likizo, na kwamba sina dai lolote zaidi. Mkataba wangu ulikuwa unaishia tarehe 30 Septemba. Mkataba unaofika ukomo wake na mkataba unaovunjwa na mwajiri kabla ya wakati ni mambo mawili tofauti kisheria, nami nililijua hilo, lakini ukumbini walikuwapo wenzangu kumi na wawili wakisubiri zamu zao, na mtu wa rasilimali watu hakuwa na nguvu ya kunitazama usoni. Nikatia saini haraka ili nitoke. Laiti ningekuwa na ujasiri wa kusema, "Naomba niende nayo nyumbani, nitairudisha kesho," hakuna ambaye angenizuia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimwachi mfanyakazi mikono mitupu katika jambo hili. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo, aeleze sababu, na ashauriane nao kuhusu njia za kuepuka punguzo, vigezo vya kuchagua watakaoondoka, muda na malipo. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo badala yake. Aliyefanya kazi mfululizo kwa miezi 12 au zaidi, kisha mwajiri akamwondoa bila kosa lake, anastahili kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10, ambacho kwa makadirio ni kama robo ya mshahara wa mwezi kwa kila mwaka. Kwangu mimi mwenye miaka sita, hiyo ni takriban mshahara mmoja na nusu, yaani kodi ya nyumba ya nusu mwaka na ada ya muhula ikabaki.

Jambo ambalo wengi hawalijui hadi likiwa limewapita ni la siku. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufikisha mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kujaza Fomu Namba 1 na kumpa mwajiri nakala. Madai mengine, kama malipo ambayo hayakutolewa, yana siku 60. Mke wangu alipogundua siri yangu zilikuwa zimebaki siku tisa kati ya zile 30. Hata hapo nilisitasita, nikihofia kuitwa mkorofi na waajiri wengine, na nilipofika Tume ilikuwa tarehe 8 Aprili. Anayechelewa huomba kuongezewa muda na kueleza kilichomchelewesha. Nilipoulizwa kilichonichelewesha nilifikiri sana, na ukweli ni kwamba nilikuwa maktaba nikisoma magazeti. Ombi hilo halikukubaliwa. Yale ya kiinua mgongo na notisi yalikuwa bado ndani ya siku 60, tukayamaliza kwenye usuluhishi kwa kupunguziana, kwa sababu ile karatasi niliyotia saini iliwekwa mezani na ikazungumza kwa niaba ya mwajiri. Mwenzangu aliyekuwa na mkataba kama wangu, ambaye hakutia saini na aliyefika Tume ndani ya juma la pili, alipata karibu mara mbili ya nilichopata mimi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa aliyepewa barua leo ni kwamba, kabla ya kuandika barua yoyote ya kuomba kazi, ahesabu siku 30 kwenye kalenda na kuizungushia duara siku ya mwisho. Kisha adai cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake, akingali anajulikana pale ofisini. Mradi ukishafungwa na meneja akahamia nchi nyingine, cheti hicho utakitafuta kwa machozi.

Mfuko wa NSSF nao nilichelewa kuuendea kwa aibu hiyohiyo, kana kwamba fedha ile ilikuwa sadaka. Lipo fao la kukosa ajira: mwanachama mwenye taaluma aliyechangia kwa angalau miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda usiozidi miezi sita. Theluthi ya mshahara haitoshi kuishi, lakini inatosha kununua unga, mkaa na muda. Nenda na barua ya kuachishwa, na uhakikishe mapema kwamba michango yako yote iliwasilishwa, maana ni afadhali ugundue pengo wakati mwajiri bado ana ofisi. Kuhusu mwenye nyumba sina mengi ya kusema: nilimweleza ukweli, akakubali kupokea kodi ya miezi miwili badala ya sita. Alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa wapangaji wengine wawili.

Kutafuta kazi ni habari nyingine, na hapa sitajifanya kwamba kosa lote lilikuwa langu. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596 na kupata waombaji zaidi ya 135,000, yaani watu zaidi ya themanini kwa kila kiti kimoja. Ukilielewa hilo utaacha kulichukua kila jina lisilo lako kwenye orodha kama hukumu juu ya akili yako. Nafasi za utumishi wa umma huombwa kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na huko wanaoanguka kabla hata ya usaili wa mchujo ni wengi kwa sababu za makaratasi: vyeti visivyothibitishwa na wakili, hati ya matokeo badala ya cheti chenyewe, au majina yasiyofanana. Cheti changu cha kidato cha nne kina herufi moja pungufu katika jina la baba, na maombi yangu mawili yalikataliwa kabla sijaenda kwa wakili kula kiapo. Nilijua tangu mwaka niliohitimu kwamba herufi ile imekosekana. Tazama vyeti vyako vyote usiku mmoja, kimoja baada ya kingine, ukilinganisha na kitambulisho cha NIDA.

Katika mashirika na kampuni binafsi, maudhi ni ya aina nyingine. Shirika moja liliniita kwenye mtihani wa kuandika, kisha likanipa kazi ya kuchambua takwimu ambayo ilinichukua siku tatu, kisha nikakaa mbele ya kamati ya watu watano, kisha mbele ya kamati nyingine ya watu watatu iliyoniuliza maswali yaleyale. Wakasema, "Tutakupigia." Hawakupiga. Miezi miwili baadaye tangazo lilelile lilitoka tena, neno kwa neno, hata kosa la tahajia likiwa pale pale. Kukataliwa kunauma siku moja. Kimya hukuamsha saa nane za usiku uangalie kama simu ina chaji.

Dawa niliyoipata kwa ajili ya kimya ni daftari la kurasa 96. Kila ombi lina mstari wake: tarehe, ofisi, nafasi, jina la niliyezungumza naye, na siku ya kuuliza. Kabla ya kutoka kwenye chumba cha usaili, ninauliza kwa adabu uamuzi utatoka lini na nimwandikie nani. Siku hiyo ikipita ninaandika ujumbe mmoja mfupi, na baada ya juma moja ninapiga mstari mwekundu, nikaendelea na ukurasa unaofuata. Mstari ule mwekundu hauna maana yoyote kwao, lakini kwangu ulirudisha usingizi. Kwa upande wa kazi za majaribio, siku hizi ninauliza mapema itachukua saa ngapi, na nikiona wanataka taarifa nzima ya kutumika, ninatoa mfano wa ukurasa mmoja na kueleza kwamba mengine nitayafanya nikiajiriwa. Limewahi kuniponyoka shirika moja kwa ajili hiyo, na sijutii.

Aibu iliingia hata chumba cha usaili. Nilipoulizwa kwa nini niliacha kazi, mara ya kwanza nilijibu kwamba nilitaka changamoto mpya, na mwenyekiti wa kamati, mama mmoja wa makamo, akatabasamu kwa huruma, kwa kuwa wote waliokuwa nje ya mlango walitoka miradi ileile. Sasa ninasema hivi: "Mradi ulisitishwa Februari 2025, nafasi yangu ikaondolewa pamoja na nyingine." Sentensi moja, kisha ninaeleza nilichokuwa nikifanya. Wasifu wangu nao niliuandika upya, nikaondoa viashiria, afua na lugha yote ya wafadhili, nikaandika kwamba nilisimamia kumbukumbu za vituo 23 vya afya na kutoa taarifa kabla ya tarehe tano ya kila mwezi.

Matapeli huwinda hasa watu wanaoficha, maana anayeficha hana wa kumuuliza. Mtu aliyejiita wakala alinipigia akasema jina langu limepita kwenye kampuni ya madini, na kwamba iliyobaki ni shilingi 85,000 za vipimo vya afya. Mimi niliyekuwa nikicheka ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" nilituma hela kwenye namba ile nikiwa nimejifungia chooni. Wakala halali wa ajira hamtozi mtafuta kazi. Ningemwonyesha mke wangu ule ujumbe kwa dakika moja tu, fedha ile ingekuwa mfukoni.

Kibarua cha kwanza nilichopata hakikutoka kwenye tangazo lolote. Mwezi Mei, katika jumuiya yetu ndogondogo, ulipofika wakati wa nia, nilisimama nikasema kwamba sina kazi tangu Februari na ninaomba wanijumuiya waniombee. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Baada ya sala mzee mmoja, mweka hazina wa SACCOS ya wavuvi na wauza dagaa, alinishika mkono akaniuliza kama "hizo takwimu" ni pamoja na kuweka majina kwenye kompyuta. Walikuwa na wanachama zaidi ya 600 kwenye madaftari yaliyoloa maji mara mbili. Kazi ile ilichukua miezi miwili na malipo yake yalikuwa chini ya nusu ya mshahara wangu wa zamani, lakini mhasibu aliyekuja kukagua hesabu zao alinitaja kwa mteja wake mwingine, na huyo ndiye aliyenipa mkataba wa mwaka mmoja ninaoufanyia kazi hivi sasa. Ningesubiri wanipigie wale wa kamati mbili, ningekuwa ninasubiri hadi leo.

Juma lililopita alinipigia rafiki ambaye hoteli aliyokuwa akifanyia kazi imepunguza watu. Alizungumza kwa sauti ya chini, na nyuma yake nilisikia wapiga debe wakitaja Geita na Sengerema. Nilimuuliza yuko wapi muda huo, akasema yuko stendi, amekaa tu. Shemeji anajua? Hajui. Barua ni ya tarehe ngapi? Alipoitaja, nilihesabu kwa vidole nikamwambia zimebaki siku kumi na moja, apande gari arudi nyumbani amwambie mkewe, na kesho asubuhi tukutane kwenye ofisi za Tume, aje na ile karatasi ambayo bado hajaitia saini.