Uliza Fundi: Namba zilizojirudia, diski iliyojaa na skrini iliyoganda

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu waliohamia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, wengine kwa hiari, wengine kwa sababu kompyuta ilishachoka kubeba Windows. Wote wameifungua terminali, wakaona kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri, wakaogopa. Tuanze na barua ngumu.

*Shikamoo Bi Fundi. Mimi ni katibu wa SACCOS ndogo hapa Korogwe. Tuna orodha ya namba za simu za wanachama kwenye Excel. Tukituma ujumbe, wapo wanaoupata mara mbili na maneno yanakuwa mengi. Nimezitafuta zilizojirudia kwa macho mpaka nimechoka.*

Marahaba. Pumzisha macho. Nakili ile safu ya namba peke yake kwenye faili la maandishi matupu, namba moja kila mstari, uliite namba.txt. Kisha andika:

`sort namba.txt | uniq -d`

`sort` inazipanga, `uniq -d` inakutolea zilizojirudia tu. Kile kijiti kilichosimama katikati ndicho paipu, kipo tangu 1973 kwenye Unix, mfumo ambao Linux imefuata nyayo zake: kinachukua yanayotoka kwenye amri ya kushoto na kuikabidhi ya kulia. Usiruke `sort`, maana `uniq` inalinganisha mstari na jirani yake tu. Namba mbili zinazofanana zikikaa mbalimbali, haizioni.

Lakini orodha za wanachama nazijua. Mtu yule yule huku kaandikwa kwa 07, kule kwa +2557, na kwingine Excel imeshakula sifuri ya mwanzo. Wewe unaona mwanachama mmoja, kompyuta inaona watatu. Juu ya hayo, faili lililotoka Windows huwa na herufi isiyoonekana mwishoni mwa kila mstari. Zioshe kwanza:

`tr -d ' \r' < namba.txt | sed 's/^+255/0/; s/^255/0/; s/^[67]/0&/' | sort | uniq -d`

`tr` inafuta nafasi na ile herufi iliyojificha. `sed` inageuza +255 au 255 ya mwanzoni kuwa 0, halafu namba inayoanza na 6 au 7 inairudishia sifuri yake. Ukitaka orodha safi ambayo kila namba imo mara moja, toa `sort | uniq -d`, weka `sort -u > safi.txt`. Jina la faili jipya liwe tofauti kabisa na la zamani. Ukiandika `> namba.txt`, terminali inalikausha faili hilo kabla hata halijasomwa, na orodha yako imekwenda.

Na usimfute mtu kwenye daftari kwa sababu namba yake imejirudia. Mume na mke wenye simu moja ni wanachama wawili, na hisa zao ni mbili.

*Fundi, mimi napiga picha za harusi, Pangani. Kamera inatoa majina ya DSC_0001.JPG na kuendelea, na kila harusi inaanza upya. Nabadilisha jina moja moja kwa mausi.*

Pole sana. Ingia kwenye folda ya harusi hiyo kwa `cd` (andika `cd`, nafasi, halafu jina la folda), kisha:

`for f in *.JPG; do echo mv -n "$f" "harusi-pangani-$f"; done`

Hapo hakuna kilichobadilika. Neno `echo` linaifanya terminali ikuonyeshe tu ambacho ingefanya. Soma mistari kama kumi. Ukiridhika, bonyeza mshale wa juu amri irudi, futa `echo`, piga Enter. Kama kuna kitu kimoja ningependa ukibebe kutoka ukurasa huu, ni hiyo `echo`. `-n` inakataa kulifunika faili ambalo tayari lina jina hilo. Alama za kunukuu usiziache: faili lenye nafasi ndani ya jina, bila hizo, linasomeka kama mafaili mawili. Na JPG kwa herufi kubwa si jpg kwa herufi ndogo, Linux inazitofautisha.

*Bi Fundi, shikamoo kutoka Mombasa. Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Kompyuta inasema diski imejaa. Nimefuta muvi zote na bado inasema imejaa!*

Marahaba, mwanangu. Ulifuta kwa mausi, sivyo? Basi muvi zimehamia kwenye pipa la taka, na pipa hilo liko kwenye diski ile ile. Pima:

`du -sh ~/.local/share/Trash`

Ukiona GB kadhaa, limwage. Kama siyo hilo, uliza nani mwingine ananenepa:

`du -h --max-depth=1 ~ | sort -h`

Folda kubwa zitakuja chini kabisa, pamoja na zilizofichwa. `-h` ya kwenye `sort` ni lazima, la sivyo 900M itahesabiwa kuwa kubwa kuliko 2G.

Ila usikimbilie kufuta kwa `rm`. Hiyo haina pipa, ikichukua imechukua. Ukikusudia `rm -r muvi*`, kidole kikateleza ukaweka nafasi kabla ya nyota, umeiagiza ifute kitu kinachoitwa muvi na kila faili na folda nyingine isiyofichwa iliyo hapo. Andika kwanza `ls -d muvi*` uone ni nini kitakachoguswa. Mimi natumia `gio trash`, inayopeleka faili kwenye pipa la taka, angalau unaweza kurudi kuomba.

*Terminali yangu inaganda ghafla, naandika na hakuna kinachotokea. Nazima kompyuta kila mara.*

Umebonyeza Ctrl+S, kwa mazoea ya kuhifadhi kazi. Bonyeza Ctrl+Q. Basi.

*Nikinakili folda kubwa kwenda diski ya nje umeme ukakatika, inabidi nianze mwanzo. Nifanyeje? (Msomaji, Muheza)*

Acha kuburuta kwa mausi, tumia:

`rsync -rtvh Kazi/ /media/jina-lako/DISKI/Kazi/`

Umeme ukirudi, ita amri ile ile. Mafaili yaliyokwisha kufika salama itayaruka, itaendelea na yaliyobaki. Angalia mkwaju (`/`) baada ya `Kazi` ya kwanza: ukiwepo, inanakili vilivyomo ndani, ukiusahau, utakuta Kazi ndani ya Kazi. Diski ikiwa imepangwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ongeza `--modify-window=1`, kwa sababu saa zake huhesabu sekunde mbili mbili na `rsync` inaweza kudhani faili limebadilika. Hapo pia faili moja la GB 4 au zaidi halitaingia, hata ungenakili kwa njia gani. Ikimaliza, andika `sync`, ngoja alama ya kuandikia irudi, ndipo uitoe diski kwa utaratibu na kuchomoa waya.