Wanafunzi wanaweza kusukuma bima ya afya kwa wote? Tuliyoyafanya Iringa

Mkuu umeuliza wanafunzi wa chuo wana nafasi gani kwenye hili la bima ya afya kwa wote au ni kelele za mitandaoni tu. Mi nimesoma Iringa, nilikuwa wizara ya afya ya serikali ya wanafunzi, ngoja niseme ninachokijua.

Kwanza sheria ipo tayari. Muswada uliingia bungeni 2022 ukapigwa danadana weee, ukapita Novemba 2023. Kwa hiyo anayekwambia anadai sheria huyo alikuwa amelala, ugomvi uliobaki ni hela, nani anamlipia asiye na uwezo. Sheria imeweka mfuko kwa ajili yao na kwenye vyanzo wametaja soda, pombe, vipodozi mpaka kubeti, wana wa hosteli tulikuwa tunawatania mkeka ukichanika usilie, umemchangia bibi yako.

Sasa pale chuo kuna waliotaka fulana, mabango na mgeni rasmi kila tarehe 12 Desemba, ile siku ya kimataifa ya afya kwa wote, picha zinapigwa watu wanatawanyika. Sisi wachache tukaamua kwenda vijijini wilaya ya Kilolo siku za mnada, tunakaa na mwandikishaji wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, enzi hizo ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kaya ya watu 6. Mtu wa mjini anakwambia elfu 30 si hela ya bando hiyo. Kuna mama tulimsalimia kamwene akacheka, akafungua pindo la kitenge, hela za viazi, akazigawa palepale juu ya gunia, hii mbolea, hii ada ya mtoto, hii deni la dukani, halafu akatuuliza, "Sasa wanangu, hiyo ya kuumwa na mimi siumwi naitoa fungu lipi?" Tukabaki tunaangaliana. Akamalizia mwenyewe, njooni mwezi wa nane mahindi yakishauzwa.

Na kweli bana, uandikishaji ulikuwa unapigwa Januari, mwezi ambao mkulima wa huku hana hata mia, halafu ripoti inasema wananchi hawana mwamko! Tukaandika barua ya ukurasa mmoja kwa diwani, akaibeba mpaka kamati ya maendeleo ya kata, msimu uliofuata wakasogeza baada ya mavuno na wale wale wasio na mwamko wakapanga foleni.

Ila kikubwa zaidi ni dawa. Umemshawishi mtu kalipa, anaenda na kadi anaambiwa dawa hakuna kanunue duka la pale mbele, hapo kampeni yako imekufa, na atawasimulia mtaa mzima. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha toka sera ya afya ya 2007, na kile kibao cha mpishe mzee kipo dirishani, basi mzee anapishwa vizuri kabisa, anakuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuambiwa imeisha. Tukaanza kuomba watu risiti za maduka ya dawa, tunaziweka kwenye bahasha na tarehe zake, tukazipeleka kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati maana mle kuna wawakilishi wa wananchi. Mganga mfawidhi alinuna sana siku ile lakini baadaye zile zile risiti ndo aliambatanisha kuombea dawa wilayani, kumbe na yeye alikuwa anapiga kelele peke yake.

Wewe uko Mbeya, anzia hapo hapo chuoni. Mwanafunzi analipa 50,400 ya NHIF, bima ya afya ya taifa, halafu kuna vyuo kadi inatoka semesta inaisha, hilo watu watakufuata bila hata fulana. Kisha tafuta wanaosomea udaktari na uuguzi muende nao kata za pembeni, wao wanajua kusoma cheti cha dawa nyie wengine mnajua kuandika barua. Na msivae rangi ya chama chochote tafadhali, huku ukishaonekana wa chama hata kiti hupewi.

Ukitaka ile barua ya diwani nicheki PM, bado ninayo.